Fundi Aliyesubiri Ukungu

Nianze kwa kukubali mapema: kwenye habari hii mjinga ni mimi. Nimejaribu kuisimulia kwa njia tatu tofauti ili mjinga awe mtu mwingine, imeshindikana, maana mashahidi ni wengi na wanaimba kwaya. Bora niseme mwenyewe, angalau maneno nichague mimi.

Mtu ninayetaka kumweleza, hapa Soni tulimwita Fundi. Mafundi wako wengi, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu anajua ni yule mzee mrefu wa kofia ya sufu, penseli sikioni, na sindano imechomekwa kwenye ukosi wa shati. Alizaliwa wapi, babu yake nani, hayo sijui na sikuuliza. Mimi nimeishia darasa la saba, na hata huko somo lililoniangusha lilikuwa historia.

Kazi yake ilikuwa kuchukua majengo ya biashara ya zamani, yale yaliyochoka, na kuyageuza maduka ambayo mtu anaona anachonunua bila kuwasha taa. Kulikuwa na nyumba ya mashine ya kusaga njia ya kwenda Bumbuli, giza tupu, imejaa unga na panya. Akaigeuza duka la vifaa vya shule. Bekari moja ya zamani Lushoto mjini leo wanauza viatu, na ukiingia mpaka kona ya mwisho unaona tundu za kamba za kiatu ziko ngapi. Halafu ghala letu.

Ghala hilo lilijengwa kwa mawe zamani za kahawa. Kuta nene mtu angeweza kulala juu yake akageuka, madirisha madogo kama sanduku la posta, na juu kule popo wamejimilikisha. Mwenye jengo, mfanyabiashara wa Tanga, alitaka maduka sita humo. Mafundi wa kwanza walimwambia abomoe, au aweke taa mchana na usiku. Fundi alizunguka mara moja, akasema, "Nipe kiti."

Akapewa kiti. Akakaa siku nzima katikati ya ghala na kipande cha chaki. Mwanga ukiingia kwenye kitundu na kuangukia sakafuni, anainuka, anachora alama, anaandika saa, anarudi kukaa. Sisi tuliotaka kupanga tulikuwa tunachungulia mlangoni. Nikamwambia dada yangu, "Huyu analipwa kwa kukaa? Mimi mbona nakaa bure miaka yote?"

Akanisikia. "Wewe unakaa," akasema, "lakini huandiki."

Na siku aliyokaa ilikuwa ya ukungu. Hili ndilo lililomfanya awe yeye. Siku ya jua hakuja kupima jengo hata umbembeleze vipi. Mwenye jengo alifunga safari kutoka Tanga siku moja jua linawaka, akamkuta Fundi yuko kwake anamwagilia kabichi. Alipigiwa simu, akajibu, "Siku ya jua hata pango lina sifa. Mimi nataka siku mbaya. Duka likionekana Julai, saa kumi jioni, ukungu umekaa mlangoni kama mgeni asiyetaka kuondoka, hilo ni duka." Akakata simu. Mwenye jengo akarudi zake Tanga, na Julai akaja tena.

Sindano ile ukosini haikuwa ya kushonea. Kazi ikiisha, Fundi alikuwa anakwenda kwenye kona yenye giza kuliko zote, anatoa sindano na uzi mweusi, anajaribu kuutunga. Uzi ukiingia, anakusanya vyombo. Usipoingia, ngazi inarudi. Kule kwenye duka la vifaa vya shule ngazi ilirudi mara nne, mpaka mwenye duka akaanza kunung'unika kwamba yeye anauza madaftari, hauzi sindano. Fundi akamwambia, "Mtoto atasoma jina lake kwenye hilo daftari au atalipapasa?"

Pale ghalani madirisha hakuyapanua kwa nje hata kidogo, mawe yale yangemgomea. Alizichonga kingo za ndani kwa mshazari, juu na pembeni, akapaka chokaa nyeupe, na dirisha lile lile dogo likaanza kumwaga mwanga kama limepandishwa cheo. Kuta za kugawa vyumba hakuzifikisha juu, aliziacha chini ya paa ili mwanga wa jirani nawe uupate. Kisha kila chumba akakipa bati moja la plastiki, lile linalopitisha mwanga, na bati hilo hakuliweka upande wa jua la jioni. "Jua la jioni ni mwizi wa rangi," alisema. "Leo linakuangazia shati lako vizuri. Baada ya miezi miwili shati lina mgongo mweupe."

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa anazisema vibaya taa za umeme kama vile ni mashemeji waliomkosea, lakini mfukoni alikuwa na tochi tatu, na moja haikuwaka kabisa, alikuwa anaitembeza tu. Aliweza kusubiri ukungu wiki tatu, ila chai kupoa dakika tano hakuweza, kila siku anaunguza ulimi na kila siku anashangaa. Misumari ya zamani alikuwa anainyoosha mmoja mmoja kwa nyundo, umpe mipya anaiweka akiba. Akiwa juu ya ngazi aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti nene iliyopotea njia. Mke wake, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kwaya ya akina mama hapo kanisani kwetu, alishamwekea sharti: juu ya ngazi aimbe atakavyo, kanisani afungue mdomo tu, sauti abaki nayo.

Mke wake tulimwita Mama Mwenyekiti. Mfupi, mcheshi, ila akikuangalia kimya unaanza kukumbuka makosa yako.

Basi mimi na Dada tukapata chumba cha nne, tukafungua duka la vitambaa. Fedha za kuanzia zilikuwa za Dada, maneno yalikuwa yangu. Miezi ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Umeme ukikatika Soni nzima, maduka ya barabarani yanafunga milango au yanawasha mishumaa, sisi ghalani tunaendelea kupima mita. Wateja wakawa wanasema, kwenu hapa rangi inaonekana.

Kisha nikaenda Tanga kununua mzigo, na huko nikaingia duka moja lenye dari. Dari nyeupe inateleza, taa ndogo ndogo zimepangwa kuzunguka, za njano na za pinki, kitambaa cha kawaida kinang'aa kama kinakwenda kuolewa. Nilirudi Soni nimelewa bila kunywa. Nikamwambia Dada duka letu linaonekana kama ghala. Akasema, "Si ni ghala?"

Nikamfuata Fundi nikamwambia nataka kuweka dari na taa. Hakunikatalia. Alisema, "Chumba ni chako. Ziba. Ila siku ukitaka kuona, usinitume mtoto, njoo mwenyewe."

Nikaziba. Nilitundika dari, nikapigilia bati la kawaida juu ya lile la plastiki ili taa zangu zisipate mshindani, kuta nikazipaka rangi ya zambarau, na katikati nikasimamisha kabati refu. Ukiingia unadhani umekufa ukafika pazuri. Vijana walikuwa wanakuja kupiga picha.

Hapo ndipo kwaya ilipokuja. Mama Mwenyekiti alitaka sare ya akina mama ishirini na wanne, rangi ile tunayoita damu ya mzee. Nilikuwa na majora mawili. Nikayaweka pamoja chini ya taa zangu, mapacha kabisa. Nikakata, nikafunga kila kipande kwenye mfuko wake, na kila mama akapeleka kwa fundi cherehani wake mwenyewe. Kwa hiyo hakuna aliyeziona nguo zote mahali pamoja mpaka Jumapili ya kuzivaa.

Jumapili hiyo mimi nilikaa benchi la mbele ili nisifiwe. Kwaya ikaingia. Mstari wa mbele damu ya mzee. Mstari wa nyuma ugoro. Ugoro ule ule wa puani, kahawia ya vumbi. Akina mama wakaangaliana, wakaangalia chini, wakaimba huku wamekunja nyuso kama wanadai. Mchungaji mgeni aliyehubiri siku hiyo alisimama, akatabasamu, akasema amebarikiwa kuona kwaya mbili za sharika mbili zikiimba kwa umoja.

Kanisa zima likageuka kuniangalia. Nikajifanya natafuta namba ya wimbo.

Nje Mama Mwenyekiti alinishika mkono, taratibu, kama anataka kunisaidia kuvuka barabara. "Mwanangu," akasema, "Pasaka tunakwenda Lushoto kwenye mkutano wa kwaya. Sharika zote zitakuwepo. Tukisimama vile, tutachekwa mpaka wajukuu wetu. Una wiki tano. Ukishindwa, sitakugombeza. Nitawaambia tu watu tulinunua wapi."

Wateja wetu nusu ni watu wa kanisani, nusu ni jamaa zao. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu amesikia yote. Tulipofika dukani akasema, "Fedha zangu ndizo ziko kwenye hayo majora."

Kesho yake, kwa haraka ya mtu mwenye aibu, nikang'oa dari mwenyewe na kupanda juu ya paa kuliondoa lile bati nililopigilia. Nikaling'oa vizuri tu. Halafu, nikiwa najipongeza, nikakanyaga bati la plastiki. Mguu wangu mmoja ukaingia mpaka pajani, mwingine ukabaki na mimi juu. Chini Dada alikuwa anampimia mteja shuka. Nilimsikia yule mteja akiuliza kwa utulivu kabisa, "Na huu mguu nao unauzwa?"

Dada akajibu, "Huo nakupa bure, mama, ondoka nao."

Nilimkuta Fundi mtaa wa chini, amekaa kwenye ndoo ananyoosha misumari.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Unachechemea."

"Niliteleza."

"Wapi?"

"Juu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya kazi yako, Fundi."

Akanyoosha msumari mmoja, akauangalia kwa jicho moja, akaweka pembeni. Nilisubiri anicheke. Wallahi ningefurahi angenicheka. Akasema tu, "Nitakuja siku ya ukungu."

"Fundi, zimebaki wiki tano."

"Uambie ukungu."

Mwaka ule jua lilikaza. Soni, ambako ukungu unaingia mpaka chumbani bila hodi, ikawa kavu kama karatasi. Kila asubuhi nasimama nje naangalia milima, samawati kila upande. Muuza masufuria wa chumba cha pili akaniita bwana kwa Kisambaa chake, akaniuliza, "Mgosi, unatafuta ndege?" Nikamwambia natafuta hali mbaya ya hewa. Akasema nikiipata nisiilete upande wake. Wiki ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaisha. Ile tundu ya paa niliifunika kwa turubai, duka likawa jeusi, wateja wakawa wanakuja kuniangalia mimi kwanza halafu mguu.

Wiki ya tatu Mama Mwenyekiti akapita kuuliza kitambaa kimefikia wapi. Nikamwambia ukweli: siwezi kuchagua rangi nisiyoiona, jua kali la nje nalo linaipausha, paa linamsubiri Fundi, Fundi anasubiri ukungu. Akaniangalia, akaangalia turubai, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi Fundi alikuwa mlangoni na ngazi, amenuna.

"Shikamoo, Fundi. Nani amekwambia uje?"

"Wewe hujaoa," akasema. "Shika ngazi."

"Lakini ukungu hakuna."

"Jua halijavuka mlima. Mwanga wa saa hizi ni mwembamba, ni ndugu yake ukungu. Nina saa moja ya kupima. Usiipoteze kwa mdomo."

Akakaa kwenye kiti saa nzima akichora chaki. Kisha akaniambia bati jipya halitakaa lilipokuwa mwanzo, litasogea nyuma karibu na ukuta wa mwisho, ili mwanga upige ukutani kwanza ndipo urudi kwenye meza. "Ukuta ndio taa yako," akasema. "Wewe umeupaka zambarau. Taa ya zambarau itakuonyesha nini?" Nikapaka chokaa, mara mbili, nikiwa na mguu mmoja mzima. Kabati refu likatoka, zikaingia meza za chini. Siku ya pili jioni akachomoa sindano ukosini, ila hakutunga yeye. Akanipa mimi.

Nikakosa mara ya kwanza. Nikakosa ya pili. Ya tatu uzi ukapita pembeni kabisa.

"Macho unayo," Fundi akasema. "Mkono ndio una dhambi. Pumzika, jaribu."

Ukaingia.

Akina mama wakaja kesho yake, Mama Mwenyekiti mbele, ameshika kipande cha ile damu ya mzee halisi. Kumi na wawili wa mstari wa nyuma walihitaji kitambaa kipya. Nilikuwa na jora la tatu, nililoagiza kwa simu, na muuzaji wa Tanga aliniapia kwa watoto wake wote kwamba ni rangi ile ile. Nikalitandaza mezani. Mama Mwenyekiti akaweka kipande chake juu, akainama, akainuka. "Ni chenyewe," akasema. Akina mama wakapumua. "Kata, mwanangu."

Nikashika mkasi. Fundi alikuwa amerudi kuziba ile tundu ya zamani, yuko juu ya ngazi anapigilia ubao, anaimba. Mimi nikaangalia meza mara moja tu zaidi. Ule mwanga mweupe ulikuwa umetulia pale juu ya vitambaa, haukipendelei hiki wala kile, na nikaona. Kidogo sana, lakini nikaona. Jora langu lilikuwa na uzambarau ndani yake.

Dada akanikanyaga mguu ninyamaze. Naye alikuwa ameona. Wiki mbili na siku kadhaa zimebaki, wateja wamesharidhika wenyewe, mkasi uko mkononi.

"Mama," nikasema, "hiki sicho."

"Sicho vipi? Nimekiona."

"Kina zambarau. Kigeuze hivi. Angalia pindo."

Akageuza. Wakakusanyika vichwa vyote kumi na viwili. Juu ya ngazi wimbo ulikuwa umekatika.

"Mtoto anasema kweli," Mama Mwenyekiti akasema taratibu. Mama mmoja nyuma akasema, "Basi tena, twendeni tukatafute kwingine." Mama Mwenyekiti akanipa kile kipande chake mkononi.

Nilikwenda Tanga nacho mwenyewe, si kwa simu tena. Kila duka nikitoa jora nje barabarani, kivulini, na kuliinamia kama daktari. Wauzaji wakaniita mshamba, mmoja akaniuliza kama nina macho ya kuazima. Duka la tisa nikalipata, lenyewe kabisa. Mafundi cherehani wa Soni walishona kama wanakimbizwa, na Pasaka kwaya yetu ikasimama Lushoto mistari miwili, rangi moja. Hakuna aliyesema kitu chochote kuhusu nguo. Sijawahi kukipenda kimya namna ile.

Fundi aliendelea miaka miwili mitatu, halafu magoti yakamkatalia ngazi, akabaki nyumbani. Mwaka huu, mwezi wa saba, nikasema niende kuwaona. Nilimchukulia Mama Mwenyekiti doti ya kitenge na Fundi kilo moja ya misumari mipya. Nilikuwa sijawahi kuingia nyumbani kwao.

Nikapiga hodi, nikakaribishwa, nikaingia, nikagonga kiti. Nikaomba radhi kwa kiti. Jamani, nyumba ile ilikuwa giza! Sebuleni dirisha moja, nalo limefungwa kwa mbao, moto unafuka jikoni, na sauti ya Fundi inatoka mahali fulani ikisema, "Marahaba, kaa upande wa kushoto, kulia kuna paka."

Tukanywa chai kwa kubahatisha. Fundi akaunguza ulimi. Akapapasa misumari, akasema ni mizuri sana, ataiweka akiba. Mama Mwenyekiti nikampa kitenge. "Kizuri?" akaniuliza. Nikasema, "Kizuri, mama, nimekichagua kwa macho yangu." Akasema haya, akakikunja, akakiweka kabatini bila kukipeleka kwenye mwanga.

Mimi nikashindwa kunyamaza. "Fundi, umetoboa kuta za watu mpaka Lushoto. Hapa kwako je?"

"Baridi," akasema. "Dirisha linaingiza baridi."

Mama Mwenyekiti akanisindikiza mpaka njiani. Tulipofika kwenye kabichi akageuka kuangalia kama mume wake hasikii, akanishika mkono vile vile taratibu.

"Baridi gani, mwanangu. Alitaka kufungua dirisha tangu mwaka tuliooana, nikamkataza mimi. Kila siku namwambia Soni nzima hakuna mwanaume mwenye sura nzuri kama yake. Sasa mwanga ukiingia mle ndani akajiona kwenye kioo, si na mimi nitaumbuka kama wewe na majora yako?"